Nyumba ya Magurudumu na Mdhamini Wake

Mwaka 1885 William Gordon Stables, daktari mstaafu wa manowari za Uingereza, aliagiza kiwanda cha mabehewa cha Bristol kimtengenezee gari lisilokuwa la mizigo wala la abiria. Lilikuwa gari la kukokotwa na farasi wawili, na ndani yake mlikuwa na malazi, jiko na mahali pa vitabu. Alilipa jina la Wanderer, yaani Mtembezi, akazunguka nalo nchi kwa starehe, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu cha safari yake. Katika jina la kitabu hicho gari hakuliita gari, wala hakuliita nyumba. Aliliita merikebu ya anasa ya nchi kavu.

Yamkini msomaji atadhani kuwa huo ulikuwa mzaha wa baharia aliyeikumbuka bahari. Labda ulikuwa mzaha kweli. Lakini ndani ya mzaha huo mlikuwa na swali ambalo mahakimu, watoza kodi na wauza bima walikuja kugombana juu yake kwa zaidi ya miaka mia. Kitu chenye kitanda na jiko, kinachokwenda barabarani leo na kesho kikasimama chini ya mti mwezi mzima, ni kitu gani? Swali hili si la wanafalsafa peke yao. Mtu anayekwenda kukata bima ya kitu hicho hujibiwa swali hilo na kampuni aliyoichagua, atake asitake, na aghalabu hulisikia jibu siku ile ambayo mali yake imekwisha kuteketea. Kwa hiyo historia ya kuchagua bima ya nyumba ya magurudumu ni historia ya majina. Hapa jina hilo la nyumba ya magurudumu litatumika kwa tela la kulala linalovutwa na motokaa, na pia kwa motokaa kubwa iliyojengwa nyumba juu ya chasisi yake. Mambo mengi yatakayosimuliwa ni ya Marekani, kwa maana huko ndiko nyumba hizi zilikozidi kuenea na ndiko ugomvi wake ulikokuwa mkali.

Bima ya Waingereza, iliyokuwa mama wa bima ya Marekani, ilizaliwa mara mbili katika mji mmoja. Moto mkubwa wa London wa mwaka 1666 uliteketeza nyumba zaidi ya 13,000, na katika miaka ya baadaye wakatokea watu waliofanya biashara ya kuzidhamini nyumba dhidi ya moto. Kabla ya karne hiyo ya 17 kwisha, wafanya biashara ya merikebu walikuwa wakikutana katika mkahawa wa Edward Lloyd, wakitia sahihi zao chini ya karatasi kuonyesha kila mmoja amechukua fungu gani la hatari ya chombo na shehena. Mdhamini wa nyumba alihesabu ukuta, paa na jirani: nyumba haisogei, na hatari yake humjia ilipo. Mdhamini wa merikebu alihesabu nahodha, msimu na bandari: chombo husafiri, na hatari hukipata njiani. Hesabu hizo mbili hazikufanana, na vitabu vyake viliandikwa mbalimbali.

Marekani iliugeuza utengano huu kuwa sheria. Katika majimbo mengi, New York likiongoza, kampuni ya moto na bahari haikuruhusiwa kuuza bima ya madhara yanayowafika watu wengine, na kampuni iliyouza bima ya madhara hayo haikuruhusiwa kugusa moto. Wenye kuitunga sheria hii walikuwa na sababu njema: walichelea kwamba hasara ya mji mmoja ulioungua ingekula fedha zilizowekwa kwa ajili ya majeruhi. Lakini motokaa ilipofika iliikuta milango imekwisha kugawanywa, na yenyewe haikuwa na mlango wake. Mwaka 1898 kampuni ya Travelers ya Hartford ilimwuzia daktari mmoja wa mji wa Buffalo hati ya kumlinda kama gari lake lingewadhuru wengine, na wakati huo hofu kubwa barabarani ilikuwa farasi kushtuka. Hati ile haikumlipa kitu kama gari lenyewe lingeungua. Bima ya gari lenyewe ilitolewa na makampuni ya moto na bahari, na hati zake za mwanzo ziliandikwa juu ya karatasi zilizotungwa kwa ajili ya vyombo vya majini. Daktari Stables angecheka kama angeziona.

Basi kwa miaka karibu 50 mwenye motokaa mwangalifu alikuwa na mikataba miwili ya kitu kimoja, na mara nyingi aliipata kwa makampuni mawili. Mwenye nyumba ya magurudumu alihitaji zaidi ya hiyo, wala hakuna aliyemtungia mkataba wake. Mwaka 1919 watalii waliopiga kambi katika bustani ya De Soto mjini Tampa, Florida, walianzisha chama kilichoitwa Tin Can Tourists, watalii wa makopo, na alama yao ilikuwa kopo lililobandikwa juu ya kifuniko cha rejeta. Wengi walikuwa watu wa kawaida, wakulima na mafundi, waliokimbia baridi ya kaskazini kwa motokaa za Ford walizoziongezea turubai, mbao na vitanda kwa mikono yao. Kitu kilichoundwa hivyo hakikuwa na bei dukani, na kisicho na bei hakina cha kuandikwa katika hati ya bima. Mdhamini wa mtu wa namna hiyo alikuwa rafiki aliyepiga kambi karibu naye.

Hapa yafaa kusimama kidogo, kwa maana miaka ile ya 1920 na 1930 ndiyo iliyozaa makampuni ambayo mtu wa leo huyakuta mbele yake anapotafuta bima, na kila moja lilizaliwa na haja ya kundi fulani la watu.

Juni 1922 maofisa 25 wa jeshi la Marekani walikutana katika hoteli moja mjini San Antonio, Texas. Taabu yao ilikuwa kwamba makampuni hayakupenda kuzidhamini motokaa zao. Ofisa huhamishwa. Leo yuko Texas, mwakani yuko California, na kampuni isiyojua mteja wake atalala wapi huona afadhali imkatae au imtoze zaidi. Maofisa wale wakaamua kudhaminiana wao kwa wao, na chama chao ndicho kilichokuja kuitwa USAA. Msomaji aipime vema sababu ile. Watu hawa hawakukataliwa kwa kuwa madereva wabaya, wala kwa kukosa fedha. Walionekana wa hatari kwa kuwa hawakuwa na maskani ya kudumu. Miaka 50 baadaye wazee waliouza nyumba zao ili waishi barabarani walikutana na shaka ile ile katika madirisha ya mawakala.

Mwaka huo huo wa 1922, George Mecherle, aliyekuwa mkulima katika jimbo la Illinois, alianzisha kampuni ya State Farm mjini Bloomington. Hoja yake ilikuwa kinyume kabisa cha ile ya maofisa: mkulima hukaa mahali pake, huendesha kidogo, na barabara zake hazina msongamano; kwa nini alipe ada sawa na mtu wa Chicago? Mwaka 1936 Leo Goodwin na mkewe Lillian wakaanzisha GEICO kwa ajili ya watumishi wa serikali, wakiwauzia moja kwa moja bila mawakala ili kupunguza gharama. Mwaka 1937 ikaanza Progressive mjini Cleveland, Ohio, na mwaka 1956 ikageukia madereva waliokataliwa na wengine, ikawatoza ada kubwa lakini ikawapokea.

Anayeitazama orodha hiyo ataona kwamba kampuni ya bima, hata ikikua ikawa na wateja wa kila namna, hubaki na tabia ya wateja wake wa kwanza. Aliyeanza kwa kuwadhamini watu wakaao mahali pamoja hukadiria hatari kwa kutazama anwani. Aliyeanza kwa wale waliokataliwa amezoea kukipa kila kitu cha ajabu bei yake. Kwa sababu hii watu wawili wenye tela za aina moja, zilizotoka kiwandani mwezi mmoja, waliweza kuitwa bei zilizoachana mbali na makampuni mawili, bila ya kampuni yoyote kudanganya.

Wakati makampuni haya yakizaliwa, tela zilizidi kuwa nyingi. Dhiki ya uchumi iliyoanza mwaka 1929 iliwafanya wengine wahamie ndani yake kwa kukosa kodi ya nyumba, na mchumi Roger Babson alitabiri kwamba baada ya miaka 20 nusu ya Wamarekani wangeishi katika tela. Utabiri ule haukutimia, lakini uliwatia hofu wakuu wa miji. Mwaka 1936 mahakama moja ndogo katika jimbo la Michigan iliamua kwamba tela lililoegeshwa na kukaliwa ni nyumba ya kuishi, na kwamba kuwa kwake na magurudumu hakuliondoi katika sheria za majengo. Hukumu hiyo ilikuwa ndogo, ila ilikuwa ya kwanza kujulikana sana katika jambo hili. Jibu lilikuwa: nyumba.

Walioishi katika tela hawakupata hati ya nyumba kwa hukumu hiyo. Wauza bima ya moto waliangalia kuta za mbao nyembamba, jiko la mafuta lililo hatua mbili kutoka kitandani, na magurudumu yanayoweza kuihamisha dhamana usiku mmoja, wengi wakakataa. Wauza bima ya motokaa nao walisema kwamba tela halina injini, kwa hiyo ni kiambatisho tu cha gari lililolivuta. Neno hilo kiambatisho limeleta hasara nyingi. Maana yake, mpaka hivi leo katika hati nyingi za motokaa, ni hii: tela likiwa limefungwa nyuma ya gari, na likamgonga mtu, hati ya gari humlipa aliyegongwa. Lakini tela lenyewe likipinduka, mwenyewe halipwi kitu ila awe amelikatia bima yake mbali. Na tela likisha kufunguliwa na kuwekwa kambini, mgeni akateleza kwenye ngazi yake akavunjika mguu, mdhamini wa gari aweza kusema kwamba ngazi si barabara.

Mwaka 1952 mjini Grand Rapids, Michigan, ilianzishwa kampuni iliyoitwa Foremost, ambayo tangu siku ya kwanza ilikusudia kudhamini nyumba za kuhamishika. Hii ndiyo kampuni iliyokuwa ya kwanza kufanya jina kwa kukitazama kitu hicho kama kilivyo, badala ya kukibana katika kitabu cha motokaa au cha majengo. Haikuwa bahati kwamba ilitokea katika miaka hiyo. Jimbo la New York lilikuwa limekwisha kufungua milango mwaka 1949, likaruhusu kampuni moja kuuza aina mbalimbali za bima, na mwaka 1950 Insurance Company of North America ikatoa hati ya kwanza ya mwenye nyumba iliyochanganya moto, wizi na madhara kwa wageni katika karatasi moja. Bila ya sheria zile kulegezwa, hati ya nyumba ya magurudumu isingeweza kuandikwa, kwa maana yenyewe ni mchanganyiko kwa asili yake.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1950 ukoo wa tela uligawanyika. Baadhi zilipanuliwa mpaka zikawa pana mno kuvutwa na motokaa ya mtu wa kawaida. Zikapelekwa kiwanjani mara moja, zikakaa. Nyingine zikabaki nyembamba kwa ajili ya safari. Kisha ikaja motokaa yenye nyumba juu yake, na baada ya kiwanda cha Winnebago cha Forest City, Iowa, kuanza kuitengeneza mwaka 1966, ikawa mali ya watu wengi. Tangu hapo mtu anayetafuta bima aliweza kuwa na kitu chenye injini ya lori, samani za sebule, mtungi wa gesi na choo, vyote chini ya paa moja.

Ugomvi sasa ukawa juu ya thamani. Motokaa hushuka bei kila mwaka, na hati yake huahidi bei ya soko ya siku ya hasara. Nyumba haihesabiwi hivyo. Hati yake aghalabu huahidi gharama ya kuijenga upya. Nyumba ya magurudumu ina bei ya nyumba inaponunuliwa na uchakavu wa motokaa inapotumiwa, na wengi huinunua kwa mkopo mrefu kama wa nyumba. Chukua mfano wa mtu aliyenunua kwa dola 90,000, akakopa sehemu kubwa, na baada ya miaka sita ikaungua. Deni lililobaki ni dola 60,000, na bei ya soko ni 45,000. Kampuni ikimlipa bei ya soko kamili, imetimiza ahadi yake kwa uaminifu, na yeye amebaki na deni la dola 15,000 juu ya majivu. Ili kuziba shimo hili makampuni yenye kujua biashara hii yalitunga ahadi nyingine mbili. Moja ni thamani iliyokubaliwa, ambayo pande mbili huiandika mwanzoni na ambayo ndiyo italipwa, soko liwe vyovyote. Ya pili ni kupewa jipya badala ya lililoharibika. Nayo hutolewa kwa nyumba changa, aghalabu kwa mnunuzi wake wa kwanza na kwa miaka michache tu. Ada huongezeka kwa kufuata uzito wa ahadi. Mtu anayelinganisha makampuni kwa ada peke yake, bila kuuliza ni ahadi ipi kati ya hizo tatu inayouzwa, analinganisha vitu ambavyo havilingani.

Kuna hasara moja ambayo karibu makampuni yote yalikubaliana kuikataa, nayo ndiyo inayoua nyumba nyingi za magurudumu: maji yanayopenya polepole katika viungo vya paa mpaka mbao zikaoza. Bima hulipa ajali. Kuoza si ajali, wala kazi ya panya si ajali. Wenye merikebu walilijua jambo hili tangu zamani. Mdhamini wa bahari hakulipa mbao zilizoliwa na fukusi, alitaka mwenye chombo akipandishe pwani na kukitengeneza kila msimu.

Ahadi, hata ikiwa nzuri, yafaa kadiri mtoaji wake anavyoweza kuilipa. Alfred M. Best alianza kazi yake New York mwaka 1899, na jarida na tarakimu zake zikawa kioo cha kutazamia afya ya makampuni ya bima. Kioo hicho kilihitajiwa. Katika miaka ya 1960 makampuni mengi madogo ya bima ya motokaa, hasa yale yaliyowachukua madereva waliokataliwa, yalifilisika na kuwaacha wateja na karatasi mkononi. Mwaka 1969 wasimamizi wa bima wa majimbo walitoa mfano wa sheria ya mfuko wa dhamana, ili wateja wa kampuni muflisi wasipoteze yote, na majimbo yakaufuata. Kisha Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga kusini mwa Florida, kikazisambaratisha nyumba za kuhamishika karibu na Homestead kama karatasi, na makampuni kadha ya bima yakaanguka pamoja nazo. Florida ndiyo nchi ya baridi ya wasafiri hawa. Waliopenda jua walikuwa wamejikusanya katika njia ya tufani.

Jambo jingine lililomtesa mchaguaji ni mipaka. Mwaka 1869 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba bima si biashara kati ya jimbo na jimbo, kwa hiyo kila jimbo likajitungia sheria yake. Mwaka 1944 mahakama hiyo hiyo iligeuza hukumu, na mwaka 1945 Bunge likairudishia majimbo mamlaka yake. Massachusetts ilikuwa jimbo la kwanza kulazimisha bima ya motokaa, kuanzia mwaka 1927. New York ilifuata mwaka 1956. New Hampshire haijalazimisha kwa jumla mpaka leo. Ada, masharti na kiasi cha chini hutofautiana. Mpango huu humfaa mtu mwenye anwani. Hati huandikwa kwa jimbo la maskani, na maskani yakitajwa kwa uongo kampuni yaweza kuitangua.

Mwaka 1978 wasafiri wasiokuwa na nyumba nyingine walianzisha chama cha Escapees, ambacho makao yake yakawa Livingston, Texas, na ambacho pamoja na mengine huwapokelea wanachama barua na kuwapa anwani. Texas, Florida na Dakota ya Kusini yakawa majimbo mapenzi ya watu hawa. Katika Dakota ya Kusini msafiri aliweza kupata leseni ya udereva kwa kuonyesha stakabadhi ya usiku mmoja aliolala kambini au hotelini. Haya si mambo ya kuchekwa. Kwao bima ya motokaa haitoshi, kwa kuwa hawana hati ya nyumba nyuma yake ya kuwalinda mgeni akiumia au nguo na vyombo vikiibwa. Makampuni yakawatungia nyongeza ya wakaazi wa kudumu, ambayo kwa ufupi ni bima ya nyumba iliyoandikwa ndani ya bima ya gari. Mtu aliyeuza nyumba yake, akahamia barabarani, na asiwaambie wadhamini wake, amebaki na karatasi ya likizo kwa maisha ya kila siku.

Vyombo vya dola navyo havikupatana. Mwaka 1985 kesi ya California ilifika Mahakama Kuu: polisi waliingia bila hati ya hakimu katika motokaa-nyumba iliyosimama katika kiwanja cha magari mjini San Diego. Majaji 6 kwa 3 waliamua kwamba kitu hicho, maadamu kinaweza kuondoka mara moja na kimesimama mahali pasipo pa makazi, ni gari, na ulinzi wa nyumba haukihusu. Jaji Stevens alikataa, na wenzake wawili wakamwunga mkono: aliona kwamba ndani yake mna faragha ya nyumbani. Mwaka uliofuata sheria mpya ya kodi ilibakiza nafuu ya riba ya mkopo kwa nyumba ya kwanza na ya pili, na kwa watoza kodi nyumba ya magurudumu huhesabiwa kuwa nyumba ikiwa ina mahali pa kulala, pa kupikia na choo. Mashua yenye vitu hivyo vitatu huhesabiwa pia. Kwa hiyo mtu mmoja, katika mwaka mmoja, aliweza kuwa na gari mbele ya polisi na nyumba mbele ya mtoza kodi. Mdhamini wake alikuwa wapi kati ya wawili hao? Alikuwa pale hati ilipomweka, na hati zilitofautiana.

Nje ya Marekani ukungu ulizidi. Hati ya kawaida ya motokaa ya Marekani huishia Marekani yenyewe, milki zake na Kanada. Meksiko haiitambui hati ya kigeni kwa madhara wanayopata watu wake; msafiri hana budi kununua ya kampuni yenye idhini ya nchi hiyo, na walioupuuza mpaka huu wamezuiliwa pamoja na magari yao baada ya ajali. Ulaya ilitafuta dawa mapema: tangu mwaka 1953 kadi ya kijani iliwezesha hati ya nchi moja kukubaliwa katika nyingine.

Afrika ya Mashariki iliyaona mambo haya kwa macho mwaka 1959, wakati Wally Byam, mwenye kiwanda cha tela za Airstream, alipoongoza msafara wa tela 41 za rangi ya fedha kutoka Cape Town kwenda Cairo, akipitia Uganda, Kenya na Ethiopia. Kila mpaka ulikuwa na sheria yake. Kenya na Tanganyika zilikuwa zimelazimisha bima ya madhara kwa watu wengine kwa sheria za miaka ya 1940, na karatasi ya Los Angeles haikuwa na nguvu mbele ya hakimu wa Nairobi. Hapakuwa bado na chombo cha kuziunganisha. Kadi ya manjano ya nchi za COMESA, inayomwezesha dereva kuvuka mpaka akiwa na dhamana ya nyumbani, ilikuja katika miaka ya 1980, na Tanzania imebaki ndani ya mpango huo ingawa ilijitoa katika jumuiya yenyewe. Kadi hiyo nayo hulipa madhara ya mtu wa tatu. Kitanda, jiko na paa la mwenyewe ni juu ya hati yake binafsi.

Wakala wa Marekani anayeijua kazi yake huanza kwa kuuliza siku ambazo mteja atalala ndani ya gari katika mwaka, kabla hajauliza mwaka wa injini au urefu wa chombo. Makampuni mengi huweka mpaka karibu na miezi sita: chini yake ni mtalii, juu yake ni mkaazi, na ada, masharti na hata kitabu anachoandikwa hubadilika. Wastaafu wengi wanapoondoka kaskazini mwezi wa Oktoba hawana hakika kama watarudi Machi au Juni. Huitaja miezi mitano.